Buster Keaton: steringi aliyevunjika shingo bila kujua, kisha akaponzwa na karatasi

Fundi Spana (mtoa mada)

Wakuu salaam.

Juzi kwenye uzi wa Jackie Chan kuna mdau aliapa kwamba yule ndiye steringi wa kwanza duniani kuruka mwenyewe bila kuwekewa mtu wa badala. Nikaanza kumjibu, jibu likarefuka, nikaona bora lipate uzi wake. Jackie mwenyewe hajawahi kuficha kwamba ana mwalimu. Kwenye Project A ya pili, ile ya 1987, kuna sehemu ukuta unamwangukia mzima mzima na yeye anabaki amesimama kwenye tundu. Hiyo ni nakala. Ya asili ilitoka 1928, ukuta wenyewe ulikuwa na uzito wa kama tani mbili, na aliyesimama chini yake ni jamaa mfupi wa futi tano na inchi tano aitwaye Buster Keaton.

Najua wengi mkisikia filamu bubu mnamkumbuka Charlie Chaplin, yule wa fimbo na kofia. Sina ugomvi na Chaplin. Ila Chaplin anataka umwonee huruma. Keaton hataki kitu kutoka kwako, ana kazi anaimalizia.

Nitaleta vipande vipande, niko gereji na mikono ina grisi.

Jina la kuzaliwa ni Joseph Frank Keaton, 4 Oktoba 1895, kijiji cha Piqua, jimbo la Kansas. Hakuna aliyepanga azaliwe pale. Wazazi wake, Joe na Myra, walikuwa njiani na msafara wa kuuza dawa: mnaimba, mnaruka sarakasi, watu wakijaa chupa zinatolewa. Mnaowakumbuka wauza dawa wa stendi na spika zao mnaielewa biashara hiyo bila kuelezwa.

Dogo alipandishwa jukwaani kabla hajajua kusoma. Kundi likaitwa The Three Keatons. Mchezo wenyewe ni huu: mtoto anamchokoza baba, baba anamrusha. Anamrusha kwenye pazia, anamrusha kwa wapiga muziki, kuna siku alimrusha kwa watazamaji waliokuwa wanazomea. Walimshonea mpini wa sanduku mgongoni mwa koti ili ashikike vizuri. Chama cha kuzuia ukatili kwa watoto cha New York kikawaandama miaka na miaka, dogo anavuliwa shati mbele ya wakubwa akaguliwe majeraha, hayaonekani. Alikuwa ameshajua kuanguka.

Na hapo ndipo ule uso ulipozaliwa. Aligundua kwamba akicheka yeye, ukumbi haucheki. Akinuna kama mtu anayesubiri risiti, ukumbi unavunjika mbavu. Basi akaacha kucheka kazini, karibu maisha yake yote.

Naendelea baadaye, kuna Noah hapa inanisubiri.

Kijiti

Nimetandika mkeka. Usije ukatutelekeza kama wale wa "itaendelea" halafu kimya mwaka mzima.

Mama Tatu

Huyo baba leo angekuwa Segerea. Eti mpini!

Mjuaji Kiasi

Umesahau jina. "Buster" alipewa na Houdini, yule mchawi wa minyororo, alipomwona mtoto ameporomoka ngazi akainuka bila kulia. Weka kamili, mkuu.

Fundi Spana (mtoa mada)

Mjuaji, sikusahau, nimeiruka makusudi. Hadithi ya Houdini ni tamu na Keaton mwenyewe aliisimulia hadi anazeeka. Lakini zamani baba yake alipokuwa akiisimulia alimtaja mwigizaji mwingine kabisa. Houdini aliingizwa baadaye, alipokuwa na jina kubwa. Watu wa jukwaani ndivyo walivyo.

Tuendelee. Baba alizama kwenye pombe. Mtu anayekurusha kila usiku akiwa amelewa siku moja atakosea, na mama na mtoto waliliona hilo. Mwanzoni mwa 1917 wakamwacha, kundi likafa. Buster akiwa na miaka 21 akaenda New York, akapata mkataba wa jukwaa kubwa, dola 250 kwa wiki. Kabla hajaanza, rafiki akampeleka studio ambako Roscoe Arbuckle, yule bonge la mchekeshaji, alikuwa anapiga filamu iitwayo The Butcher Boy. Wakamwambia ingia ujaribu. Akapigwa gunia la unga usoni, akaruka kama alivyozoea.

Sasa sikilizeni hapa. Jioni aliomba aazimwe kamera. Akaenda nayo alikofikia, akaifungua yote, akatazama gia moja moja, akaifunga, asubuhi akairudisha. Kisha akauvunja ule mkataba wa dola 250 akaajiriwa kwa Arbuckle kwa dola 40. Kwa hesabu za mtaani huyo ni chizi. Mimi niliyeacha kazi ya ofisini nikaja kulala chini ya magari namwelewa vizuri sana.

1918 akachukuliwa jeshini, akapelekwa Ufaransa, akarudi sikio limeharibika. 1920 mtayarishaji Joseph Schenck akampa studio yake Hollywood, ambayo zamani aliitumia Chaplin. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Kobe Mwendo

Arbuckle si ndiye yule wa kesi?

Fundi Spana (mtoa mada)

Ndiye. 1921, msichana mwigizaji aitwaye Virginia Rappe alifariki siku chache baada ya sherehe hotelini San Francisco, Arbuckle akashtakiwa. Kesi tatu. Ya tatu, Aprili 1922, baraza la mahakama lilimwachia na kumwandikia kwamba ametendewa dhuluma. Haikumsaidia, alishakwisha. Keaton hakumkimbia, aliendelea kumtafutia vibarua. Lakini huo ni uzi mwingine, tusitoke reli.

Fundi Spana (mtoa mada)

Kipande cha tatu, na hiki ndicho nilichokifungulia uzi.

Keaton ni fundi kwanza, mchekeshaji baadaye. Anza na One Week ya 1920, dakika ishirini na kitu. Maharusi wanapewa nyumba ya kuunganisha wenyewe, imo kwenye maboksi yenye namba, kumbe mwanamume aliyekataliwa na bibi harusi amezibadilisha zile namba. Nyumba inasimama imepinda kama meno ya mzee. Dhoruba inakuja, nyumba inazunguka kama pia. Hakuna kompyuta pale, ni nyumba ya kweli imejengwa juu ya sahani inayozunguka. Mwisho sisemi.

1921 akaja na The Playhouse. Pazia linafunguka, jukwaani kuna wanaume tisa wanacheza kwa pamoja, wote tisa ni yeye. Leo simu yako inafanya hivyo wakati unakula muhogo. Wakati ule kamera ilizungushwa kwa mkono. Wakaweka mbele ya lenzi kikasha chenye vipande vya kuzibia, unafungua kimoja, vingine vimezibwa. Anacheza upande wa kwanza. Mkanda unarudishwa nyuma, kinafunguliwa kinachofuata, anacheza tena. Mara tisa juu ya mkanda uleule! Mpiga picha wake, Elgin Lessley, akipitiliza kidogo tu mwendo wa mkono, mmoja wa wale tisa anawahi au anachelewa na kazi yote inatupwa. Lessley alizungusha kama saa ya ukutani, na kuna mtu alipiga banjo pembeni ili Keaton asipoteze hesabu za hatua.

Sherlock Jr. ya 1924 ndiyo ya shingo. Yeye ni mwonyesha filamu, analala kazini, anaota ameingia ndani ya skrini. Ndani humo mandhari yanabadilika na yeye yupo palepale: anakaa kwenye benchi, benchi linageuka barabara, anaruka majini, maji yanageuka theluji. Walipima umbali wa kamera na mahali alipo kwa vifaa vya wapima ardhi kila walipohama. Halafu kuna sehemu anakimbia juu ya mabehewa, ananing'inia kwenye bomba la tangi la maji la reli, maji yanamshusha. Yalimshusha kweli. Kisogo kikagonga reli. Akaumwa kichwa, akaendelea na kazi. Miaka mingi baadaye daktari anamtazama kwenye eksirei akamuuliza, wewe shingo ulivunja lini?

Kijiti

Subiri. SHINGO?

Mama Tatu

Mimi nikipigwa na mlango wa kabati nalala siku mbili.

Fundi Spana (mtoa mada)

Mama Tatu 😂

Sasa The General, 1926. Hii nimeiona labda mara kumi na tano na si kwa ajili ya kucheka. Ni dereva wa treni wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, wapelelezi wanamwibia kichwa cha treni, anakifukuza kwa kichwa kingine, peke yake. Kisa chenyewe kilitokea kweli 1862 huko Georgia. Kaenda kupiga Cottage Grove, jimbo la Oregon, kwa kuwa kulikuwa na reli za kubebea magogo zilizofaa vichwa vya kizamani.

Kuna sehemu dereva amekataliwa na mchumba, anakaa kwa huzuni juu ya ile fimbo ya chuma inayounganisha magurudumu. Treni inaondoka taratibu, fimbo inampandisha na kumshusha, mawazo yamemchukua, haoni. Watu wanacheka. Anayejua mashine hacheki. Mtu wa mvuke akifungua kidogo zaidi, gurudumu linateleza linazunguka ghafla, na pale juu hakibaki kitu. Kuna nyingine amekaa mbele kabisa ya kichwa kinachotembea, amekumbatia taruma, mbele relini kuna taruma jingine limetupwa. Anarusha la mkononi, linapiga ncha ya lile la chini, yote mawili yanaruka nje ya njia. Jaribu kwa kokoto uone.

Kisha daraja. Julai 1926 walichoma daraja la mbao juu ya mto Row, wakapitisha kichwa cha treni cha kweli, likakatika, kikaanguka mtoni. Maelfu ya watu wa eneo lile walikuja kutazama. Dola 42,000 kwa picha moja isiyorudiwa, na inatajwa kuwa ndiyo ghali kuliko zote za enzi ya bubu. Lile chuma lilibaki mtoni hadi Vita vya Pili, watu wa vyuma chakavu wakalichukua.

Filamu nzima ilikula kama dola 750,000. Marekani ilirudisha kama 474,000. Wahakiki wakaiponda. Kumbukeni hizo namba, ndizo zilizomfuata.

Binti Saba

Nimesoma yote na unaandika vizuri, lakini kuna mahali unapita haraka haraka. Dereva wa The General yupo upande gani wa vita? Upande wa Kusini, wa wenye watumwa. Kwenye kisa cha kweli wale walioiba treni ndio waliokuwa upande wa kuuvunja Kusini. Keaton akageuza, mashujaa wakawa maadui. Na kwenye Seven Chances na College kuna watu weupe waliopakwa masizi usoni waigize watu weusi. Na The Navigator, 1924, ina kisiwa cha wala watu.

Na nikuongezee. Yule chifu wa wala watu anaitwa Noble Johnson, Mmarekani mweusi, na si mtu wa kupita. 1916 yeye na nduguye George walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Lincoln Motion Picture Company, kampuni ya watu weusi ya kutengeneza filamu ambazo mtu mweusi ana heshima zake, ana shamba, ana mafuta, anaoa. Yeye ndiye alikuwa rais wake. 1918 akajiuzulu kwa sababu kampuni kubwa ya Universal, aliyokuwa akiigizia, haikupenda anavyojishindanisha nayo. Miaka sita mbele yupo kwa Keaton amevikwa majani. Miaka tisa baada ya hapo ni chifu tena kwenye King Kong.

Ukimsimulia Keaton msimulie na huyo.

Fundi Spana (mtoa mada)

Binti Saba, nimepokea, na Noble Johnson sikumjua kwa upande huo. Asante.

Sitamtetea. Keaton aliona watazamaji wa Marekani hawatakubali Kusini wawe wabaya wa hadithi, akafuata soko. Kisiwa cha The Navigator huwa nakirusha mbele; nusu ya kwanza, ya watu wawili waliozaliwa kwenye nyumba zenye wapishi na sasa wapo peke yao kwenye meli ya abiria wanajaribu kuchemsha yai kwenye sufuria la watu mia, hiyo ndiyo filamu. Ile meli iliitwa Buford, na 1919 serikali ya Marekani iliitumia kuwafukuza wanaharakati kama Emma Goldman kwenda Urusi. Kimeo kilichokuwa kinaelekea kukatwa chuma, Keaton akakichukua.

Ila hilo la Johnson na Universal linanipeleka nilipokuwa naelekea.

Mjuaji Kiasi

Kabla hujaenda: inajulikana Keaton alikwisha kwa sababu ya filamu za sauti. Hakuwa na sauti nzuri, teknolojia ikampita. Kama wengine wote.

Fundi Spana (mtoa mada)

Hapana. Na hapo ndipo nabishana na nusu ya intaneti.

Ile studio iliandikwa jina lake, Buster Keaton Productions. Hisa hakuwa nazo. Hata moja. Schenck na wenzake ndio wenye mali; yeye alipata mshahara na asilimia ya faida. Na Schenck alikuwa shemeji kwa namna fulani: Keaton alimwoa Natalie Talmadge 1921, Schenck alikuwa mume wa dada yake, Norma, nyota mkubwa wa wakati ule. Mambo ya familia, nani ataomba karatasi?

Wakati anapiga Steamboat Bill, Jr. kule Sacramento, ile ya ukuta, alishaambiwa studio inafungwa. Tundu la dirisha lilimwachia inchi chache kila upande. Walipima miguu isimame wapi, na kati ya waliokuwepo wapo waliogeuza macho. Yeye alikuja kusema siku ile hakujali sana kama ataishi.

Schenck akamwambia nenda MGM, ile studio kubwa ya Hollywood, bosi wa juu ni mdogo wangu Nicholas, utatunzwa. Chaplin akamwambia usiende. Harold Lloyd, mchekeshaji mwenzao, naye akamwambia usiende. Akaenda, 1928, dola 3,000 kwa wiki. Baadaye aliita kosa kubwa kuliko yote maishani mwake.

Kwake kazi ilikwendaje? Wanakaa na wenzake, wanatafuta mwanzo, wanatafuta mwisho, katikati itajipanga yenyewe. Wakikwama wanasimamisha kazi wanacheza besiboli hadi mtu apate wazo. MGM wakampa skripti iliyopigwa chapa, ina mihuri, ina watu wa kuisimamia. Fundi unampa spana moja na fomu ya kuombea ya pili. The Cameraman, ya kwanza pale, ilitoka nzuri kwa sababu bado alikuwa na nguvu ya kubishana. Baada ya hapo hapana.

Sauti? Ile sauti yake nzito ya mkwaruzo ilikaa vizuri sana na ule uso. Na filamu zake za sauti ZILIUZA, Mjuaji. Zilikuwa mbovu na zikauza. Alizirudia hata kwa Kihispania, Kifaransa na Kijerumani akikariri maneno. Nani atakurudishia uhuru wako wakati unaharibika na fedha zinaingia?

Kobe Mwendo

Na pombe je? Umeitaja ya baba, ya mtoto umeificha.

Fundi Spana (mtoa mada)

Sijaificha. Alikunywa hadi akawa hafiki kazini. 1932 Natalie akaondoka na watoto wawili wa kiume, na hata ubini wao ukabadilishwa ukawa Talmadge. Nyumba ya kifahari ya Beverly Hills ikaenda. Mapema 1933 MGM ikamfukuza. Akamwoa muuguzi wake, ndoa ikavunjika 1936. Akapiga filamu fupi za bei rahisi, akarudi MGM ileile kuwatungia wengine vichekesho kwa dola 100 kwa wiki. Kutoka 3,000. Sasa niambie, pombe ndiyo ilimpeleka MGM au MGM ndiyo iliyompeleka kwenye pombe?

Kobe Mwendo

Vyote. Baba yake hakuwahi kusaini MGM.

Fundi Spana (mtoa mada)

... hapo umenishika.

Mama Tatu

Na alikufa hivyo hivyo? Maana naona tunaelekea kulia.

Fundi Spana (mtoa mada)

Hakufa hivyo, Mama Tatu. 1940 alimwoa Eleanor Norris, mcheza ngoma wa pale MGM, binti wa miaka 21, yeye ana 44. Kila mtu akasema haitafika popote. Ilifika hadi kaburini, miaka 26 karibu. 1947 akaenda Paris kuchezea sarakasi ya Medrano, Wafaransa wakamshangilia wakati kwao wamemsahau. 1949 mwandishi James Agee akachapisha makala ndefu kwenye gazeti la Life kuhusu wachekeshaji wa bubu, watu wakaanza kuuliza, kwani huyu bado yupo? Televisheni ikamchukua. 1952 akatokea na Chaplin kwenye Limelight, wazee wawili jukwaani, mmoja na fidla na mwingine na kinanda ambacho karatasi za noti za muziki hazitaki kutulia.

Na kuna hili: mikanda yake mingi ilidhaniwa imepotea. Ile nyumba ya Beverly Hills ilikuja kununuliwa na mwigizaji James Mason, na mle ndani kukakutwa shehena ya mikanda iliyosahauliwa miaka yote hiyo.

Tuzo ya heshima ya Oscar ilikuja 1960. 1965 kwenye tamasha la Venice walisimama kumpigia makofi. Alifariki 1 Februari 1966, kansa ya mapafu, miaka 70, na hakuwa ameambiwa ni kansa. Jana yake alikuwa bado anatembea chumbani na kucheza karata. Eleanor alimzika na rozari mfuko mmoja, karata mfuko mwingine, kwa kuwa haikujulikana anaelekea upande upi.

Binti Saba

Hiyo ya karata imenipata.

Kijiti

Mkuu hizi zinapatikana wapi? Na zinakula MB ngapi? Maana nina kifurushi cha kuungaunga.

Fundi Spana (mtoa mada)

Zote za kabla ya 1929 hakimiliki yake Marekani imeisha, zimejaa YouTube bure na ni halali. Ni nyeusi na nyeupe, weka ubora wa chini, hazili sana. Maneno machache ya maandishi hayakuzuii kuelewa. Anza na One Week, usianze na The General.

Mjuaji Kiasi

Ongeza: Wajapani walikuwa na mtu wa kusimulia filamu bubu ukumbini, akiitwa benshi, na The General ilionyeshwa mara ya kwanza Tokyo, 31 Desemba 1926. Yaani kina Lufufu na DJ Afro wana babu zao.

Fundi Spana (mtoa mada)

Mjuaji, hii ya leo umeipata. Nimeinua mikono.

Kijiti

Narudi. Nimeiangalia One Week usiku huu, mke wangu kaamka kuuliza nacheka nini. Ile mwishoni nyumba imekwama relini, treni inakuja, nimefumba macho, treni inapita njia ya pembeni. Nikashusha pumzi, nikaweka simu chini nichukue maji.

Mkuu, ungenitonya.